Mkoba wa Chini ya Tandiko



Mama mmoja wa Kisauni ametuandikia suali ambalo twaamini si lake peke yake. Binti yake amemaliza mtihani wa kidato cha nne, naye pamoja na wenziwe watatu na kaka yake mkubwa wamekusudia kwenda Malindi kwa baiskeli, wakilala Kilifi kwa shangazi yao. Mama ameridhia. Baba hajaridhia bado, na sababu yake ni moja: mwaka jana vijana wa mtaa huo huo walikwama njiani karibu na Mida, jua limekwisha kuzama, matairi mawili yameisha pumzi, na pampu waliyokuwa nayo haikuingia katika valvu za baiskeli zao. Walirejea nyumbani saa nne za usiku juu ya lori la mchanga. Baba amesema hatatoa idhini mpaka ajue binti yake atafanya nini baiskeli ikiharibika. "Basi tumpakie nini?" ndilo suali la mama.

Jawabu letu la kwanza ni kwamba asipakiwe kitu na mtu yeyote. Mkoba wa zana aupange mwenyewe kwa mkono wake, na kila kiingiacho humo awe amekwisha kukitumia uani kwao, walau mara moja. Twalisema hili mapema kwa sababu twazijua nyumba zetu. Safari ikitajwa, mama hufungasha mahamri, viazi vya karai, chupa ya chai na kanga ya akiba mpaka kerieri ya baiskeli ikaelemewa. Baba naye huteremsha sanduku zima la spana kutoka garini. Yote hayo ni mapenzi, lakini mahamri hayazibi pancha, na spana nyingi za gari haziingii katika nati za baiskeli.

Jambo la pili ni kuitazama njia. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na Kilifi iko karibu na nusu ya mwendo huo. Mtwapa, Vipingo, Kilifi mjini, Gede: pote hapo yupo fundi wa baiskeli, naye kwa kawaida huketi chini ya mti na beseni lake la maji la kutafutia tundu la tyubu. Fundi huyu ana gololi, ana grisi, ana spana za kila namna, na nyundo anayo. Ana pia tyubu na matairi ya baiskeli nzito za chuma, zile zinazojulikana kwa jina la Black Mamba, ambazo hubeba madafu, mitungi ya maji na mikate kila pembe ya pwani yetu. Vitu hivyo hapana haja ya kuvibeba. Tayari viko njiani vikimngoja msafiri. Cha kubebwa ni kile ambacho fundi hana, na kile kinachohitajika kumfikisha msafiri kwa fundi.

Ndiyo maana mkoba hauwezi kupangwa kabla ya baiskeli yenyewe kukaguliwa. Ubavuni mwa tairi kumepigwa chapa ya nambari. Ikiwa ni 28 x 1½, hiyo ni Black Mamba, na tyubu yake hupatikana hata katika duka la sukari na unga. Ikiwa ni 26 na nambari ya pili ni 1.95 au inakaribia hapo, hiyo ni ya baiskeli za milimani, na katika miji haina shida. Lakini ikiwa imeandikwa 700 x 28C au mfano wake, basi hiyo ni baiskeli ya mashindano au jamaa yake wa karibu, na huenda tyubu yake isipatikane baina ya Mtwapa na Malindi. Mwenye baiskeli hiyo abebe tyubu mbili, na viraka juu yake. Mwenye Black Mamba moja yamtosha.

Na hapa twafikia kile kilichowakwamisha vijana wa Kisauni. Valvu za baiskeli ni za aina tatu. Ya kwanza ni ya kizamani, ya Black Mamba, ambayo ndani yake huwa na kijipira chembamba mfano wa mrija. Kijipira hicho kikioza kwa joto, tairi huisha pumzi na hutaona tundu lolote hata ukiizamisha tyubu majini mchana kutwa. Kipande cha kijipira hicho cha urefu wa kidole hakina uzito wala bei, na kikae mkobani. Ya pili ni nene, sawa na ya gari, nayo yaweza kujazwa katika kituo cha petroli. Ila atakayefanya hivyo apulize kidogo kidogo na kulibinya tairi kwa vidole, kwa kuwa mashine ile hulijaza tairi la baiskeli kufumba na kufumbua, kisha likapasuka. Ya tatu ni nyembamba na ndefu, ina kinati kidogo kichwani ambacho sharti kilegezwe kwanza. Mara nyingi pampu ya aina moja haiingii katika nyingine pasi na kiunganishi chake. Baiskeli tano zikiwa na valvu za aina tatu na pampu ni moja, hapo pana safari iliyokwisha kuharibika kabla ya kufika Mtwapa. Kila baiskeli na ijaribiwe na pampu itakayokwenda safarini, siyo pampu nyingine iliyo nyumbani.

Tuzungumze sasa juu ya pancha yenyewe, maana kati ya mambo kumi yatakayoisimamisha baiskeli, tisa ni hilo. Watu hulaumu miiba, na miiba ipo, hasa mtu akiteremka pembeni kuyapisha malori. Adui mkubwa zaidi kando ya barabara kuu ni vipande vya waya. Matairi ya malori yakipasuka hutapakaza nyuzi nyembamba za chuma ambazo jicho halizioni. Uzi kama huo huingia katika tairi, ukatoboa tyubu, ukabaki umejificha. Msafiri akibandika kiraka na kurudisha tyubu bila ya kuutafuta, atakwenda nusu kilomita kisha atasimama tena, na safari hii atasema gundi ni mbovu. Kwa hiyo kabla ya kurudisha tyubu, apitishe kitambaa taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima. Penye uzi kitambaa kitanasa. Asitumie vidole vitupu, vitakatika. Uzi wenyewe hung'olewa kwa kikoleo kidogo cha nyusi, nacho hatudhani kuna binti atakayehitaji kununuliwa.

Viraka, kipande cha msasa na gundi, ambayo mafundi huiita solusheni, huuzwa pamoja katika kikasha kimoja. Gundi hiyo ina tabia moja: kijitubu chake kikisha kufunguliwa, hata kikifungwa vyema, hukauka ndani kwa ndani, na joto letu huharakisha. Wangapi hufungua kikasha njiani wakakuta kijitubu kigumu kama kijiti! Basi kibebwe kipya ambacho hakijatobolewa. Namna ya kukitumia ni kusugua tyubu kwa msasa mpaka mng'aro uondoke, kupaka gundi nyembamba kwa upana kuliko kiraka, kisha kusubiri. Kusubiri huko ndiko kunakowashinda wengi. Gundi yataka dakika tano mpaka iwe kavu kwa kuguswa, ndipo kiraka kibandikwe na kugandamizwa kwa nguvu zote. Akibandika ikiwa mbichi, kiraka kitateleza. Baada ya hapo apake poda kidogo ili tyubu isigande na tairi.

Twampendelea msafiri mwenye tyubu ya akiba afanye hivi: aivue mbovu, aitie nzima, aendelee na safari, na mbovu aizibe jioni Kilifi akiwa ameketi sebuleni kwa shangazi. Kuziba kando ya barabara, jua la saa sita kichwani na matatu yakipita kwa kishindo, ni kazi ya mwisho.

Tyubu ya akiba nayo yahitaji hifadhi. Ikilazwa kavu kavu pamoja na spana chini ya tandiko, mtikisiko huisugua, na siku itakapohitajika itatolewa ikiwa tayari ina tundu. Itiwe poda, ikunjwe, ivikwe soksi kuukuu. Soksi hiyo itafaa pia kuwa glovu atakaposhika cheni. Spana zifungwe kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa. Hazitagongana wala kupiga kelele njia nzima, na kitambaa hicho ndicho kitakachopitishwa ndani ya tairi.

Spana zenyewe ni chache. Nati za magurudumu aghlabu ni za nambari 15, na mara nyingine gurudumu la mbele huwa na 14. Zipimwe nyumbani. Iko spana moja ya kurekebishika, inayoshika nati za kila ukubwa, ambayo mafundi wameipa jina lisilofaa kuandikwa katika gazeti la nyumbani. Ndogo yake yafaa sana, na dukani muuzaji ataelewa ukimwonyesha kwa ishara. Baiskeli za kisasa hutumia alenki badala ya spana, na ya 4, ya 5 na ya 6 hutosha karibu kwa kila kitu. Ziongezwe nyenzo mbili za plastiki za kubandulia tairi. Za plastiki, tafadhali. Wako wanaotumia bisibisi au mpini wa kijiko, nao hutoboa tyubu ile ile waliyokuja kuitengeneza.

Tepu ya umeme izungushwe juu ya pampu mara kumi hivi, isichukue nafasi. Mikanda midogo ya plastiki ya kufungia nyaya, mitano au sita, hushika kerieri iliyoachia parafujo. Kipande cha tairi kuukuu cha urefu wa kidole ni cha siku tairi litakapochanika na tyubu kutokeza kama jipu: hutiwa ndani, baina ya tairi na tyubu, kikazuia. Kikikosekana, pakiti tupu ya maziwa ikikunjwa mara kadhaa itamfikisha mtu mjini.

Breki haina mengi. Mipira yake ibadilishwe nyumbani kabla ya safari. Waya wa breki ukibebwa, uwe wa nyuma, kwa sababu ni mrefu na waweza kukatwa ukafaa mbele, ilhali wa mbele haufiki nyuma.

Cheni yataka maneno zaidi kwetu sisi wa pwani, kwa ajili ya chumvi. Baiskeli iliyolala usiku mmoja karibu na bahari huamka cheni imeshika wekundu. Kichupa kidogo cha mafuta kinatosha, tone moja kwa kila kiungo, kisha yafutwe ya juu ili mchanga usigande. Mafuta ya kupikia yasitumike hata kidogo. Siku ya kwanza hulainisha, siku ya tatu hugeuka ulimbo. Mafuta ya cherehani ni mepesi na hayakai muda mrefu, lakini kwa safari ya siku mbili yatafaa, tena nyumba nyingi zinayo. Kwa baiskeli yenye gia, kuna kiungo cha cheni kinachofungwa kwa mkono, kidogo kuliko ukucha, nacho hutofautiana kulingana na idadi ya gia za nyuma: cha gia nane hakifungi cheni ya gia kumi. Hicho ndicho kitu ambacho fundi wa Gede huenda asiwe nacho, basi kiende mkobani pamoja na kifaa kidogo cha kusukumia pini ya cheni.

Spoki nazo hukatika gurudumu la nyuma, upande wa cheni, na sababu kubwa ni mzigo. Turudi kwa mahamri! Kila kilo iliyopunguzwa juu ya kerieri ni spoki iliyonusurika. Kuibadilisha kando ya njia ni kazi ya fundi, kwa vile gia huziba njia. Binti akisikia mlio na kuona gurudumu linayumba, na aizungushe spoki iliyokatika juu ya jirani yake, alegeze breki ya nyuma ikiwa inagusa, ahamishie mzigo kwa mwenzake, aende polepole mpaka kituo kinachofuata. Spoki mbili au tatu za urefu sawasawa na zake zifungwe kwa tepu kwenye fremu, kwa kuwa urefu hutofautiana kwa milimita chache na fundi huenda asiwe nazo. Yeye ana ujuzi, msafiri ana spoki, watakutana.

Yako mambo ambayo vitabu vya waendesha baiskeli havitaji, nasi hatuwezi kuyanyamazia. Buibui na cheni havipatani. Kikinga cha cheni kifungwe kikamilifu, na pande mbili za juu za gurudumu la nyuma ziwekwe wavu. Baiskeli za kike za zamani zilikuwa na matundu madogo kando ya madigadi ya nyuma, na humo ndimo zilimopitishwa nyuzi za wavu huo. Mama ajuaye kufuma ataumaliza kwa jioni mbili. Mkobani kuwe na pini nne kubwa, ukanda wa lastiki wa kubania suruali ya ndani kwenye kifundo cha mguu, na mkasi mdogo. Nguo ikinaswa, asivute mbele. Azungushe pedali kinyume polepole, itajiachia. Mkasi ni wa pale isipojiachia.

Kwa wale watakaosema kwamba haya ya spana na viraka si ya wasichana, tungewataja waulize habari za Dervla Murphy wa Ireland. Siku alipotimiza miaka kumi alikuwa na baiskeli na kitabu cha ramani, akaazimia kwenda India kwa baiskeli. Alingoja zaidi ya miaka 20, akimuuguza mama yake mgonjwa, kisha Januari 1963 akatoka peke yake katika baridi kali ya Ulaya, akapita Uturuki, Iran, Afghanistan na Pakistan, na kufika Delhi katikati ya mwaka huo. Linalotuvutia ni namna alivyojitayarisha. Baiskeli yake ilikuwa na gia tatu. Alizing'oa, akiona kwamba ni dhaifu kwa njia zilizomngoja. Na matairi ya akiba hakuyabeba yote mgongoni. Aliyatanguliza kwa posta yamsubiri mbele ya safari. Binti wa Kisauni haendi Delhi, lakini tyubu moja ya ziada ikitangulizwa kwa shangazi Kilifi kwa matatu ya asubuhi, mkoba utapungua, na mama atakuwa amefanya jambo la maana kuliko kukaanga tena viazi.

Turejee kwa baba, maana ndiye mwenye neno. Twampendekezea mtihani. Jumamosi moja, baada ya alasiri, akae barazani na binti aipindue baiskeli uani. Atoe gurudumu la nyuma, ambalo ndilo gumu. Ikiwa ina gia, cheni ipelekwe kwanza kwenye jino dogo kabisa. Avue tyubu, atafute tundu, azibe, arudishe, ajaze pumzi, akaze nati, azungushe pedali kwa mkono kuhakikisha gurudumu halisugui fremu. Mara ya kwanza itamchukua saa nzima na ataharibu kucha. Mara ya tatu itakuwa dakika 20. Kaka yake naye apitie mtihani huo huo, maana katika barua mama ametuarifu kwamba hajui hata mahala msasa unapouzwa. Msichana anayeweza kurudi barabarani kwa dakika 20 hana haja ya kumsimamisha dereva asiyemjua, wala ya kusubiri giza limkute amesimama kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Twadhani hicho ndicho baba alichokuwa akikiuliza.

Baada ya Malindi tusingependa waendelee kwa sasa. Kuanzia Gongoni vituo huachana mbali, mkoba tulioueleza hautoshi, na habari za usalama wa njia ya kwenda Lamu ni mlango mwingine kabisa.

Kuhusu saa: mwezi wa Disemba upepo ni wa kaskazi, nao utawapiga usoni wakienda. Wasihesabu zaidi ya kilomita 12 kwa saa. Wakitoka baada ya sala ya alfajiri watakuwa Kilifi kabla ya adhuhuri, na pancha mbili zikiwemo. Wakirudi, kaskazi itawasukuma.

Pampu ziwe mbili, moja kwa anayetangulia na moja kwa anayefuata nyuma kabisa, kwa sababu mwenye pancha ndiye abakiaye nyuma na pampu ikiwa mbele haimsaidii. Noti ndogo ndogo za kumlipa fundi zikae pamoja na viraka. Na wakisharudi salama, inshallah, mkoba usitundikwe kama ulivyo: kijitubu cha gundi kikiwa kimetobolewa, kitupwe, kinunuliwe kingine.